Do ya Kisiagi

Mzee Odero alipatikana amekufa Jumamosi, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mtaani Rhonda, katika chumba chake kilichopakana ukuta na kisiagi, mashine ya kusaga mahindi, cha Kahiga. Aliyempata alikuwa Nabalayo, mwalimu wa kwaya, ambaye hushona nguo siku za kazi. Alikuwa amemletea suruali aliyoitia kiraka. Alibisha, akasukuma mlango, akaona miguu kwanza. Mzee alikuwa kifudifudi kando ya meza, kisogo kimepasuka.

Nabalayo hakupiga kamsa. Kitu cha kwanza alichotambua, na baadaye alijilaumu sana kwa hilo, ni kwamba nzi aliyekuwa akizunguka mle ndani alivuma kwa sauti moja na cherehani yake. Ndivyo alivyoumbwa. Lango la ploti likifunguliwa yeye husikia noti za so na mi. Birika likichemka anajua limepanda hadi wapi. Hata fundi wa sufuria akigonga bati, kidole chake huanza kuhesabu. Mama yake alizoea kusema masikio ya mtoto huyu yatamletea balaa siku moja.

Balaa lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni. Mtungi wa manjano wa lita ishirini, umejaa maji pomoni, na ubavuni umeandikwa kwa rangi nyekundu: LEVIS. Huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, anayesukuma mkokoteni wa maji.

Kabla ya saa moja usiku Levis alikuwa rumande.

*

"Jumatatu saa tatu asubuhi anapelekwa kortini," Inspekta Cheruto alimwambia Nabalayo kituoni kesho yake, Jumapili, baada ya ibada. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa maneno, ila macho yake hayakupepesa ovyo. "Kesi ni mauaji. Sikufichi, mwalimu. Mambo yake si mazuri."

"Afande, huyo kijana hawezi kuchinja hata kuku."

"Ijumaa aligombana na marehemu juu ya maji machafu. Ploti nzima ilisikia. Jana marehemu alinunua maziwa kwa kioski saa kumi kasoro kumi, akiwa mzima. Ndugu yako naye ni mwimbaji wako. Jana alifika kwa kwaya saa ngapi?"

Nabalayo hakuficha. "Saa kumi na dakika arobaini."

"Na mazoezi yalianza saa tisa na nusu. Unaona?"

Walimleta Levis. Macho yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi, na mikono yake, ile mikono inayobeba mitungi minne kwa mpigo, ilikuwa imelala mezani kama si yake.

"Sister, mimi nilibisha tu," alisema. "Ilikuwa saa kumi na robo hivi. Nikasikia mtu anavuta miguu ndani. Nikamwita, 'Mzee, maji!' Kimya. Nikajua bado ana hasira na mimi. Nikaacha mtungi, nikaenda kumalizia wateja wa mtaa wa Kaptembwo."

"Ulisikia mtu ndani?"

"Nilisikia. Lakini posho mill ya Kahiga ilikuwa inanguruma, huwezi kuwa sure."

Cheruto alitoa mfukoni kibati kidogo cha alumini, duara, kimetobolewa tundu, kimechongwa namba 4.

"Hiki kilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Marehemu alikuwa bwana afya kabla astaafu. Vibati kama hivi walikuwa wanaweka ndani ya mifuko ya sampuli. Nimepata namba nne. Moja, mbili na tatu sijaona, wala mifuko yenyewe. Levis, uliviona?"

"Afande, mimi naona maji na barabara tu."

Nabalayo aliuliza mzee alikuwa akichukua sampuli za nini. Cheruto akasema hajui, ila jirani mmoja, Jerop, alimweleza kwamba mzee alikuja kwake mara mbili kumhoji kuhusu wanawe. Nabalayo alikumbuka. Mwezi wa tano watoto wawili wa Jerop waliumwa na tumbo, macho yakawa manjano, wakazikwa wiki moja. Watu walisema ni homa, wengine wakasema mambo ya kurogwa, na maisha yakaendelea.

"Na Kahiga?" Nabalayo aliuliza. "Ukuta wake ndio huo huo."

"Nilimhoji wa kwanza. Jumamosi mchana hafungulii wateja, anasaga mahindi yake ya kuuza. Anasema alikuwa ndani anasaga mfululizo tangu saa nane. Na mashahidi wake ni kwaya nzima, wewe ukiwa mmoja. Kisiagi kilizima?"

Nabalayo alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema. "Hakikuzima hata mara moja." Alihisi kama amemfungia ndugu yake mlango kwa mkono wake mwenyewe.

*

Kanisa lao la mabati liko hatua ishirini tu kutoka kwa kisiagi, ng'ambo ya uchochoro. Kinanda chao kiliharibika mwaka juzi, na tangu hapo Nabalayo huchukua do ya nyimbo zote kutoka kwa kisiagi. Waimbaji walimcheka mwanzoni. Sasa wamezoea: anainua kidole, anatega sikio uchochoroni, anaguna "doo", na sauti nne zinajipanga juu yake. Kahiga mwenyewe hujisifu kwamba yeye ndiye mpiga kinanda wa Bwana.

Jioni hiyo ya Jumapili Wachuka, mke wa Kahiga, alipita kumpa pole. Ni mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwenye moyo safi na mdomo usio na breki.

"Pole sana, mwalimu. Tutamwombea Levis," alisema, akaketi. "Lakini jana nawe ulituua. Wimbo wa kwanza ulikuwa sawa kabisa. Wa pili ukatuanzishia juu mpaka nikaona nyota. Hata sasa koo inauma."

"Nilichukua do pale pale pa siku zote, mama Kihara."

"Basi siku zote ilihama."

Wachuka alicheka, akaaga, akaenda zake. Nabalayo alibaki na kikombe mkononi, chai inapoa. Do haihami. Mwimbaji anaweza kuhama, mwalimu anaweza kuhama, lakini mashine haina mafua wala haina hasira.

Lynn, binti anayeimba alto, hurekodi mazoezi yote kwa simu na kuyatuma kwa kundi la WhatsApp ili waliokosa wasiachwe nyuma. Nabalayo alitia vidude vya kusikilizia masikioni, akaanza pale pa saa tisa na nusu, mazoezi yalipoanza.

Safari hii hakusikiliza kwaya. Alisikiliza kile kilichokuwa chini ya kwaya.

Kisiagi kilinguruma kama kawaida. Debe la mahindi likimiminwa, mashine inalemewa, sauti inashuka na kutulia. Debe likikaribia kwisha inapanda, kiasi cha nusu sauti, kisha debe jingine linaingia, inashuka tena. Dakika nne, inashuka. Dakika nne, inashuka. Mtu alikuwa pale akimimina, huna haja ya kumwona.

Saa kumi kasoro mbili sauti ilipanda. Nabalayo alingoja ishuke. Akahesabu dakika nne. Sita. Kumi. Saa kumi na dakika tano akajisikia mwenyewe akiguna "doo" kwa wimbo wa pili, nusu sauti juu ya ule wa kwanza, na Wachuka akinung'unika nyuma. Robo saa ikapita, kisiagi kinalia sauti moja tu, nyembamba, iliyonyooka. Akaongeza sauti ya simu. Hakuna mwenye kisiagi Rhonda anayekiacha kizunguke bure kwa bei ya stima ya siku hizi. Kilikuwa kinasaga hewa.

Saa kumi na dakika thelathini na saba vilisikika vishindo vitatu vikali vya chuma, kra, kra, kra. Kisha sauti ikashuka, na debe kwa debe mambo yakarudi kama zamani.

Alirudia hivyo vishindo mara nyingi, na kila mara alitamani awe amekosea. Kahiga ndiye aliyemchangia mbao za benchi la kwaya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema inavyouma kukivua.

*

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Inspekta Cheruto alisimama mbele ya kisiagi na askari wawili. Alikuwa amesikiliza rekodi mara tatu na hakucheka. Zilibaki saa moja na dakika arobaini kabla ya Levis kupandishwa kizimbani, na Nabalayo alijua kwamba sikio lake likimdanganya, hakuna atakayemsikiliza tena.

Kahiga alitoka akipangusa unga nyusini. Wachuka alikuwa mlangoni akipanga mifuko.

"Karibuni," alisema Kahiga. "Afande, kuna nini asubuhi yote hii?"

"Swali dogo tu, mzee. Jumamosi saa kumi mpaka saa kumi na nusu ulikuwa unasaga nini?"

"Mahindi yangu. Mfululizo. Kwaya walinisikia."

"Tulikusikia, baba Kihara," alisema Nabalayo. "Naomba uwashe. Bila mahindi."

Kahiga alimtazama Cheruto. Cheruto akaitikia kwa kichwa. Mashine ikaamka, ikapanda, ikanyooka. Nabalayo aliinua simu kwenye dakika ya wimbo wa pili. Sauti mbili zilikutana zikawa moja, hata yule askari mdogo akageuza shingo.

"Sasa mimina debe."

Debe likamiminwa. Sauti ikashuka, ikatulia palepale pa wimbo wa kwanza.

"Dakika thelathini na tisa kilizunguka bure," alisema Nabalayo. "Ulikuwa wapi?"

Kahiga alicheka, kicheko kikavu. "Mwalimu, huzuni imekuchanganya. Afande, sauti haiendi kortini."

"Kweli, haiendi," alisema Cheruto. "Ndiyo maana nimekuja na spana. Zima hiyo kitu."

Kahiga hakusogea. Askari alizima mwenyewe. Kimya kilichoingia kilikuwa kizito. Nabalayo hakuwahi kujua uchochoro huo una kimya. Walifungua nati sita, wakainua kifuniko, wakatoa chujio la chuma. Askari alipitisha kidole kwenye unga ulioganda, akatoa kitu. Kisha cha pili. Cha tatu kilikuwa kimejikunja kama ganda la njugu, lakini namba ilisomeka. Moja, mbili, tatu.

"Ulimimina sampuli zake kwa mashine zigeuke unga," alisema Cheruto. "Hukujua bwana afya anaweka kibati ndani ya mfuko. Vilipogonga nyundo za kisiagi, kwaya ilisikia. Cha nne kilidondoka chumbani."

Kahiga aliketi juu ya gunia. Alionekana amezeeka ghafla.

"Yalikuwa magunia thelathini tu," alisema. "Yalinyeshewa stoo, yakashika kuvu, ile yenye sumu. Nikachanganya na mazuri. Odero akaniambia Jumatatu anayapeleka maabara. Nilienda kumsihi. Akanigeuzia mgongo aandike tarehe. Nilikuwa na chuma mkononi, sijui hata kwa nini nilikibeba."

"Unajua kwa nini," alisema Cheruto. "Uliacha mashine ikizunguka kabla ya kutoka."

Wachuka alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili. "Baba Kihara," alisema polepole, "tangu mwezi wa nne umekuwa ukiniletea unga wa pakiti kutoka supamaketi. Ukaniambia nipumzishe mikono, nisipepete tena."

Kahiga aliinamia gunia. Mkewe hakungoja ajibu, na kilio alichotoa hapo Nabalayo hakutaka kukipima sauti.

*

Levis aliachiliwa saa nne na nusu. Alitoka akiwa ameshika viatu mkononi, maana kamba zake zilikuwa zimepotea huko ndani, na dada yake alimkumbatia katikati ya wananchi bila haya. Alimweleza yote walipokuwa wakienda: kuvu, vibati, chuma, Kahiga. Alidhani angefurahi, au angetukana.

Levis alisimama kando ya barabara.

"Mwezi wa nne mkokoteni haukuwa na kazi ya maji, kulikuwa na mvua," alisema. "Kahiga alinipa kazi ya kupeleka unga kwa manyumba. Sister, unga wa kwa Jerop niliupeleka mimi. Yule mdogo, Chelimo, ndiye alinifungulia mlango, akaniambia asante."

Nabalayo alichukua viatu vya ndugu yake. Alimshika mkono, wakageuka, wakaanza kutembea kuelekea kwa Jerop.