Kitone cha Tatu

Mama Vifungo alitoka nyumbani jua likiwa limeshaegemea mapaa ya watu. Pesa alizifutika kwenye sidiria, na futi ya kitambaa ilikuwa bado inaning'inia shingoni, amesahau kuivua. Alikuwa anakwenda kununua risiva, lile boksi la kuendeshea spika za hom thieta. Si kwa ajili ya sinema. Sinema hakuwa na muda nazo. Alitaka muziki, basi. Mtu anayeshona sare za shule tangu alfajiri anahitaji kitu cha kumsukuma mguu kwenye cherehani, na simu yake ikipiga wimbo ilikuwa kama inzi amefungiwa kwenye kopo.

Spika zilikuwapo. Mbili, za mbao, kubwa kama makabati ya vyombo, zimesimama sebuleni miaka kumi na moja bila kutoa hata kikohozi. Zilikuwa za shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea. Shangazi alianza kwa kununua spika, halafu jioni moja akatoka kwenda kutafuta risiva. Akarudi mikono mitupu. Tangu hapo, zipo siku magharibi ikiingia anakatika katikati ya sentensi, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni. Anakodoa macho, midomo inamchongoka...

"Shhhh."

Kisha anarudi, anamalizia kijiko chake. Daktari alisema ni uzee. Majirani walisema mengine, maana majirani hawalipwi ili wafikiri kwanza.

"Redio inakutosha," Shangazi alikuwa amemwambia mchana ule, akijichua magoti kwa dawa yake ya kafuri iliyonuka nyumba nzima.

"Redio kutwa matangazo ya sabuni, Shangazi. Nikanunue sabuni au nishone?"

"Haya nenda. Kichwa kigumu ulizaliwa nacho." Goti la pili alilichua muda mrefu kuliko la kwanza. "Ukifika kwa yule mzee anayeziba masikio kwa pamba, usihangaike na zinazong'aa. Ile nzito ndiyo ya muziki."

"Kumbe unamjua?"

"Uniletee na kibiriti."

Duka lilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya ghorofa la maofisi, baada ya kinyozi na mtu wa fotokopi. Wote wawili walikuwa wanateremsha milango. Mwenye duka alikuwa mrefu, mkavu, shati amelifunga hadi kooni. Kwenye kila sikio alikuwa na donge la pamba, kama mtu aliyekwisha kuandaliwa kuzikwa.

"Unauza muziki huku masikio umeyaziba?" Mama Vifungo alimuuliza. Hakuwa mtu wa kusalimia mara mbili.

"Macho yananitosha, mama," alisema yule mzee, akimtazama midomo. "Una spika ngapi?"

"Mbili."

"Na pesa?"

"Kidogo."

"Basi usilipie mataa."

Alimpeleka chumba cha ndani cha kusikilizia. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro. Dari pia. Hata mlango. Katikati kulikuwa na kiti kimoja, mbele yake spika mbili, na pembeni rafu yenye risiva tatu. Ukuta wa nyuma ulikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kiti. Mama Vifungo aliuona na akaupima kwa jicho, kwa sababu miaka ishirini na sita ya kupima viuno vya watu imegeuza macho yake kuwa futi.

Risiva ya kwanza ilikuwa inang'aa, mgongoni ina matundu ya spika tisa.

"Mimi ninazo mbili. Saba zilizobaki nichomeke puani?"

Mzee hakucheka. Akawasha. Taa nyingi, sauti nyembamba kama uji wa mgonjwa. Ya pili ilikuwa afadhali, lakini bei yake ilimfanya aguse kifua kuona kama pesa bado zipo. Ya tatu ilikuwa nyeusi, kuukuu, pana. Akaiinua kidogo na kiuno kikamjibu.

"Uzito huo ni transfoma," mzee alisema. "Hii ina nguvu ya kweli. Kwa muziki, mama, hakuna nyingine humu."

Na bei yake ilikuwa nusu ya ile ya pili.

"Mbona ya kutupa? Imeibwa?"

Mzee alitazama mlango. "Inapima. Watu hawapendi kupimwa."

Akamweleza. Risiva ile, kabla ya kupiga muziki, hupima chumba. Unaweka maikrofoni ndogo mbele ya kiti, penye masikio ya msikilizaji. Yenyewe inapuliza mlio katika kila spika. Kwa kila spika itakayoisikia, kitone cha kijani kinawaka kwenye kioo, na chini yake namba ya mita toka kwenye kiti. Ikimaliza, ndipo inapiga.

"Ikiwa inapima, usiongee na usisogee. Ukisogea, inaanza upya."

Mama Vifungo akacheka. Maneno hayo ni yake. Tulia, usisogee, nikupime. Huwaambia watu kutwa nzima, pini mdomoni.

Mzee akamkalisha kwenye kiti, akasimamisha maikrofoni mbele yake, akatoka na kuvuta mlango nyuma yake, eti kelele za nje zisiingie.

Godoro likakutana na godoro.

Kimya... Si kimya cha kawaida. Kilikuwa kimya cha kujazwa, kama mto uliokandamizwa usoni.

Shhhh. Spika ya kushoto. Kitone kikawaka. Mita 2.1.

Shhhh. Spika ya kulia. Kitone. Mita 2.1.

Sawasawa kabisa, akajisemea moyoni. Akasubiri muziki.

Shhhh.

Nyuma yake.

Kitone cha tatu kikawaka chini ya vile viwili. Mita 3.8.

Hapo nywele zilimsimama, na sababu haikuwa mlio tu. Ilikuwa namba. Mita tatu nukta nane toka kwenye kile kiti ni mbali sana ndani ya ukuta.

Akageuza shingo. Godoro tu, madoa ya maji, kitambaa cha mistari.

Vitone vyote vikazimika. Risiva ikaanza upya.

Shhhh, kushoto. Shhhh, kulia. Shhhh... nyuma. Mita 2.4.

Imesogea.

Mama Vifungo aliruka toka kwenye kiti hadi mlangoni. Hapakuwa na kitasa. Alipapasa ukingo mzima, juu, chini, kama mtu anayetafuta mfuko kwenye nguo isiyo na mfuko. Akapiga ngumi. Godoro likaimeza. Akapiga kelele, "Mzee! We mzee, fungua!" Sauti ikaishia kwenye midomo yake mwenyewe. Akamkumbuka mzee na pamba zake, na sasa akaelewa pamba zile ni za nini.

Akaushika waya wa umeme, akauchomoa ukutani. Risiva haikuzimika. Ilimngoja tu, kioo kinawaka kijani, hakuna kitone hata kimoja. Inangoja mtu akae.

Alisimama pale muda asioujua. Hewa ilikuwa inazidi kuwa nzito. Mwisho akafikiri kama mshonaji: mtu asiyetulia hamaliziwi kupimwa. Nikitulia, itamaliza. Ikimaliza, mlango utafunguliwa.

Akakaa. Akaizungusha futi yake kwenye viganja vyote viwili, akaikaza.

Shhhh, kushoto.

Shhhh, kulia.

Hakupumua.

Ndipo ikaja harufu. Nyepesi kwanza, halafu ikamjaa puani. Kafuri... Dawa ya kuchua magoti. Harufu ya nyumbani kwake, katika chumba ambacho hakina hata dirisha.

Shhhh.

Safari hii haukuwa mlio wa mashine. Ulikuwa mdomo. Aliuhisi upepo wake kwenye kisogo. Kitone cha tatu: mita 0.3.

Hakusogea. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kwenye kioo, mstari mdogo wa kuonyesha kazi ilipofikia ulikuwa unajaa, unajaa, umebakiza upana wa pini...

Na sauti ikamnong'oneza sikioni, ya mtu aliye hai, mchovu, anayemjua.

"Tulia, mwanangu."

Akashtuka mwili mzima.

Kitu kikapita ndani yake. Hakikumuuma. Kilimgeuza tu, kama shati linavyogeuzwa ndani nje kabla ya kupigwa pasi.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amesimama kizingitini, ametoa pamba ya sikio moja, anasikiliza chumba, kichwa amekiinamisha.

"Yule ameondoka," alisema polepole. "Nilikuwa nimeshamzoea." Akairudisha pamba sikioni, akaisukuma kwa kidole. "Unachukua ipi, mama?"

Hakuchukua yoyote. Alipita korido nzima akipapasa kuta, na kibiriti hakukikumbuka.

Nyumbani, giza ndiyo kwanza linaingia, alimkuta Shangazi jikoni amesimama kwa miguu yake miwili. Anaimba. Anakata vitunguu. Miaka kumi na moja hakuwa ameshika kisu saa kama ile, kwa hofu ya kukatika katikati akajikata.

Aliponyanyua macho akamwona mlangoni, wimbo ukamkauka.

"Ulisogea mara ngapi?" Shangazi aliuliza.

"Tatu."

"Mimi mbili tu. Sikuwa na kichwa kigumu kama chako."

Mama Vifungo alikaa juu ya ndoo. "Ulijua."

"Nilikwambia redio inakutosha."

"Uliniambia pia ile nzito ndiyo ya muziki!"

Shangazi akaweka kisu chini. Alikitazama, hakumtazama yeye. "Miaka kumi na moja, mwanangu. Kila anapofungiwa mtu mle, navutwa. Nimeona visogo vya watu mpaka nikawa naviota. Nikisema, nani angeniamini? Wangeniongezea dawa." Akasogeza kitunguu pembeni. "Nilichoka."

"Na mle ndani? Uliponiambia nitulie, ulitaka nitulie, au ulitaka nishtuke?"

Shangazi akachukua kisu tena, akaendelea kukata. Machozi yalimtiririka. Lakini alikuwa anakata vitunguu, sasa utajuaje.

Siku mbili zikapita bila kitu. Ya tatu, jioni, Mama Vifungo alikuwa amepiga magoti mbele ya mwalimu mmoja aliyekuja kupimwa gauni. Pini mdomoni, futi kiunoni kwa mwalimu. "Tulia," akamwambia, "usisogee."

Shhhh. Kushoto kwake, mbali.

Shhhh. Kulia.

Kisha kifua chake mwenyewe kikajaa upepo, na midomo ikamchongoka bila ruhusa yake.

Sebule ikaondoka.

Alikuwa mahali penye giza panaponuka godoro bichi, na mbele yake, kama mita nne, kulikuwa na kisogo cha mwanamume kwenye kiti. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa vibaya, mshono umekwenda upande. Yule mwanamume akageuka. Hakumwona. Kitu kikamsukuma Mama Vifungo mgongoni, mbele, mbele zaidi. Mwanamume akarudi kwenye kiti, akashika magoti yake. Alikuwa anatetemeka, lakini alikuwa anajitahidi kutulia, maskini. Mstari kwenye kioo ukaanza kujaa.

Mama Vifungo sasa alikuwa karibu kiasi cha kuhesabu tundu za sindano kwenye kola ile. Alijua neno moja tu, likinong'onwa sikioni, lingemrusha yule mtu toka kwenye kiti, na zamu ingekuwa yake. Neno jema kabisa. Neno lake la kazi. Lilikuwa limeshamfika ulimini.

Akafumba mdomo.

Mstari ukajaa. Sebule ikarudi, na mwalimu alikuwa anamtazama chini kwa mshangao.

"Mbona unaninyamazisha, Mama Vifungo? Mimi sijasema kitu."

Toka jikoni Shangazi alikuwa anaimba wimbo uleule, na spika mbili zilikuwa zimesimama kwenye kona, bubu. Mama Vifungo akaokota pini zilizomdondoka, moja moja, akazirudisha mdomoni. Hakuwa amechoka.

Bado.