Chumba cha Wawili

— Nani huyu anayekutafutia kitanda?

Chiriku alikuwa hata hajavuka kizingiti cha karakana. Mkononi alishika nakala za vyeti vyake, bado zina joto la mashine. Mchumba wake, fundi friji ambaye mtaa mzima unamwita Baridi, alisimama katikati ya mafriji mabovu, simu ya Chiriku mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi tu, maana tabia yake ni moto mtupu.

— Simu niliiacha ichaji, sikuiacha ipekuliwe.

— Sikiliza basi! "Chumba cha wawili nimekipata. Kitanda kikubwa, jiko lenu wenyewe. Nijibu upesi." Na jina umemwandika Dokta wa Ng'ambo! Kumbe masomo yenyewe ndiyo haya?

— Huyo ni mhadhiri wa chuo ninachokwenda. Ndiye anayewapokea wanafunzi wageni.

— Anawapokea kitandani?

— Baridi, acha ujinga, nisikilize...

— Nimesikiliza vya kutosha! Kila jioni mnaongea, mnacheka, mimi nikitokea unakata. Unaniona zuzu? Nimempigia, nimemtukana mpaka sauti imenikauka!

— Umempigia?

— Tena nimemwambia husafiri. Umeacha shule. Afute jina lako!

Jamani, wivu gani huu! Mtoto wa watu kakesha na vitabu mpaka macho mekundu, nafasi kaipata kwa jasho lake, halafu jitu zima linataka kuifuta kisa kitanda! Chiriku alikaa juu ya kreti la soda, vyeti magotini.

— Juzi uligombana na mwenye duka la fotokopi, eti kaniita mrembo. Kabla yake mtoto wa mama mkubwa, ndugu yangu wa damu, ukamkaba shati. Nikajipa moyo, nikasema atatulia.

— Nakupenda! Roho inaniuma, hujui tu! Ukifika huko utanikumbuka kweli wewe?

— Wanafunzi wenye ndoa wanaruhusiwa kwenda na wenzi wao. Hicho chumba nilikiomba cha mimi na wewe. Nilikuwa nangoja kipatikane, ndipo nikuambie tufunge ndoa kabla ya safari. Nilitaka nikushtukize.

Bisibisi ilimponyoka Baridi ikaanguka sakafuni. Hakuinama kuiokota.

— Mungu wangu. Mpenzi, sikujua.

— Hukuuliza. Ulitukana kwanza.

Chiriku aliinuka, akamnyang'anya simu, akapiga na kuweka sauti ya nje.

— Shikamoo mwalimu. Aliyekutukana ni mchumba wangu. Nisamehe sana. Jina langu umeshalifuta?

— Marahaba, binti yangu. Sijalifuta, nilitaka nisikie kwako mwenyewe. Na chumba chenu bado nimekishikilia.

Baridi alishusha pumzi ndefu. Tabasamu likaanza kumjia, akanyoosha mkono amshike mchumba wake bega. Chiriku aliusogeza ule mkono pembeni, taratibu, bila hasira. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ila sauti ilikuwa imetulia.

— Asante, mwalimu. Hicho wape wengine. Mimi nitafutie cha mtu mmoja.