Roda Arudi Majini

Mwaka ule foleni ya malori Tunduma ilianzia mpakani ikapanda mlima hadi mwisho wake usionekane, na sokoni, nyuma ya malori hayo, watu walipishana bega kwa bega. Humo ndimo Roda alimopita na gauni lake la kitenge cha kijani, viatu vya kazini vimejaa vumbi, akitafuta kitu alichoona haya kukitaja.

Alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha, msichana wa miaka ishirini na sita, mnene wa kujaa, mpole kiasi kwamba madereva walishusha sauti wakimkaribia. Alizizunguka meza za mitumba mara tatu. Mara ya nne, muuzaji mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu akamsemesha.

"Dada, ukizunguka tena nitakutoza ushuru wa barabara."

"Natafuta nguo ya kuogelea," Roda aliiambia meza.

"Ya mtoto?"

"Yangu."

Hakucheka. Roda aliungoja ule mcheko, haukuja. Kijana aliinama akachambua, akatoa moja nyeusi, akairudisha mwenyewe.

"Hii wengi wangekuuzia. Nyeusi, ina sketi, pana kama turubai. Ikiingia majini inavimba, inakuacha. Usitafute ya kukuficha, dada. Tafuta ya kukushika."

"Ya kunishika vipi?"

"Vuta kitambaa. Kikilia kama karatasi, mpira umekufa. Kamba za mabegani ziwe pana, zisikukate. Chini ya kifua pawe na mshono wa kubeba. Tumboni pawe na mikunjo ya kulala upande, macho ya mtu yanapotea humo. Halafu ukishavaa, kaa, simama, inua mikono. Ikipanda, si yako."

"Umeyajulia wapi haya?"

"Kina mama wa Zambia. Wakija hapa kwenye salaula, ndivyo waitavyo mitumba, hawanunui mtumba kabla hawajanigombeza."

Ya saizi yake haikuwepo siku ile. Kijana akaandika namba yake ya simu, akaahidi kumpigia belo jipya la mitumba likifika. Jina lake Enoka, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Igamba.

Kesho yake simu ikaita.

"Belo limefika?" Roda aliuliza.

"Bado. Nimepiga kukuambia bado."

Keshokutwa tena.

"Enoka, jana ulisema bado."

"Na leo bado. Mteja ana haki ya kupewa taarifa."

Ikawa desturi. Taarifa za belo zikarefuka, zikapitia chakula cha mchana, zikafika kwenye mahindi ya kuchoma waliyokula wamesimama kando ya barabara, Enoka akimwita Rodi, naye Roda akimwita Bwana Bado. Roda akamweleza habari za Kamsamba alikozaliwa, kule bondeni ambako joto halina adabu: jinsi yeye na dada zake walivyojitupa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, kanga zimefungwa kifuani, na jinsi bibi alivyowaita hadi akachoka. Majini alikuwa mwepesi. Hakuna mahali pengine duniani alipowahi kuwa mwepesi. Sasa hoteli moja barabara ya Mbeya ilichimba bwawa, na getini waliandika kwamba kanga haziruhusiwi.

"Mbona uliacha kuogelea?" Enoka aliuliza.

"Nilikua tu," alijibu Roda, akaangalia malori.

Mwezi wa pili tangu wakutane, belo likaja. "Rodi wangu, bado imekufa leo," alisema kwenye simu. "Njoo saa saba."

Roda alikwenda na rafiki yake Gwantwa wa ofisini, amejipaka mafuta ya nazi, amevaa hereni. Kabla hawajaiona meza, walisikia vicheko. Umati ulikuwa umejaa. Juu ya meza alisimama Enoka. Juu ya suruali yake ya jinzi alikuwa amevaa nguo kubwa ya kuogelea ya njano, ameishindilia masweta kifuani na makalioni, anakata kiuno kama wauzaji wote wa mnada wafanyavyo wakitaka watu wasimame.

"Ya bonge la mama hii," alikuwa akiita. "Akiingia huyu bwawani, nusu ya maji inatoka. Nani ana bonge lake nyumbani?"

Roda aligeuka kuondoka. Alikuwa tena kidato cha pili, ukingoni mwa mfereji, na mvulana mmoja anawaambia wenzake wahame, mashamba yatafurika, Roda anaingia. Darasa zima lilicheka. Hakurudi majini tangu siku hiyo.

Enoka akamwona. Aliruka kutoka mezani akamfuata mbio kati ya malori, masweta yakimdondoka, nguo ya njano ikiwa bado mwilini, na madereva wakapiga honi kwa furaha. Kila alipoita "Rodi", watu walicheka zaidi.

"Usinifuate," alisema Roda bila kugeuka. "Unanimaliza."

Wiki tatu simu iliita, naye akaiacha iite. Jioni zake zilikuwa ndefu. Alizikumbuka zile taarifa za bado mpaka akajikasirikia.

"Yule mtu hapandi tena mezani," Gwantwa alimwambia siku moja. "Anauza amekaa. Kina mama wa Zambia wanamuuliza, 'Ba Enoka, mulelwala? Unaumwa?' Mimi nimenyamaza, shoga. Lakini wewe nawe huli."

Simu ilipoita tena, Roda akapokea.

"Rodi? Ile ilikuwa biashara tu. Kila muuzaji anafan—"

"Basi kwaheri."

"Subiri. Usikate, tafadhali. Si biashara. Niliwachekesha watu kwa mwili ule ule ninaoamka nikiuwaza. Sijui nilifanyaje nisione."

Roda aliketi kitandani. Akamwambia kisa cha mfereji, neno kwa neno, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Na mimi nikalirudia," alisema Enoka. "Sikuombi usahau. Nguo yako niliitoa asubuhi ile kabla belo halijachambuliwa na mtu. Nitampa Gwantwa. Kama hutaki kuniona, sawa, ila nenda ukaogelee, Rodi. Usimwachie yule mvulana maji. Wala mimi usiniachie."

Nguo ilikuwa ya bluu iliyokolea, mikunjo tumboni, kamba pana. Roda aliivaa chumbani mbele ya kioo. Akakaa, akasimama, akainua mikono. Haikupanda. Alijitazama kwa muda mrefu, mabega, nyonga, mapaja, kama mtu anayekutana na ndugu waliyepoteana naye. Kisha akaandika ujumbe: *Jumamosi saa nne. Hotelini. Uje na kaptula.*

Enoka alimkuta tayari yuko ndani. Watu watatu kwenye viti walitazama, wakarudi kwenye soda zao. Roda alipiga mbizi, akaibukia upande wa pili, maji yakimtiririka usoni, na alikuwa mwepesi kama alivyokuwa ana miaka kumi. Alilia kidogo. Majini hakuna anayejua.

"Ingia," alimwambia.

"Sisi wa Igamba maji tunayajua ya kunawia. Baridi yake tu tunaikimbia."

"Ingia, Bwana Bado."

Aliingia kwa ngazi, akitetemeka, akaukumbatia ukingo kwa mikono yote miwili. Roda akasogea mpaka baina yao yakabaki maji tu.

"Hujaiangalia nguo," alisema.

"Naogopa. Nikikuangalia nitaachia ukuta."

"Imenishika vizuri?"

Enoka aligeuka akamtazama, taratibu, hakuruka mahali. "Imekushika," alisema. "Mimi ndiye sina pa kushika. Rodi, nitume mshenga Kamsamba? Kwa mama yako. Nijibu hata kwa bado."

Roda akamgusa kifuani, akahisi mapigo ya moyo wa yule mwanamume yanavyokimbia, kwa hofu ya maji, kwa hofu ya jibu. Wiki tatu zile alizipima zote. Akamwekea kiganja mgongoni.

"Achia kwanza," alisema. "Nimekubeba."

Kidole kimoja kimoja, Enoka akaachia.