Wagomvi wa Kadutu

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na soko la Kadutu, mjini Bukavu, lilijaa watu wanaoteleza kwenye udongo mwekundu. Adolphine Bulonza, dactylo, mpiga taipu wa ofisi moja ya mjini, alikunja liputa yake ya kijani isiguse matope, akainama kuchukua fungu la mwisho la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mkono mwingine ukalishika upande wa pili. Ulikuwa wa kijana mrefu aliyevaa abacost ya kahawia, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

— Citoyenne, hizi sambaza ni zangu, alisema kwa uso mkavu. Nilizionaka zikiwa bado mu ziwa.

— Pole, citoyen. Miye njo nilizibatiza. Hii inaitwa Eulalie, na hii Alphonse.

— Padri alikuwa nani?

— Maman huyu muuzaji. Umuulize!

Muuzaji alicheka mpaka akashika kiuno, akaligawa fungu mara mbili. Kijana aliitwa Philémon, muuguzi, infirmier kutoka Sange, hana ndugu hata mmoja mjini. Adolphine naye alikuwa amemzika mama yake mwaka uliopita, akabaki peke yake katika chumba mtaani Nyawera.

Kuanzia siku ile, kugombana ndiko kukawa kupendana kwao. Philémon alimpigia simu ofisini.

— Allô, ni huku tribunal? Niko nashitaki mwanamuke mumoja. Jumapili ametoka misa bila kuniangalia.

— Tribunal imefungwa. Na mushitaki iko na sura mubaya.

— Mubaya namna gani, chérie?

— Ya kuogopesha watoto!

Martine, rafiki yake wa meza ya jirani, aliuliza kila mara: «Mutaoana siku gani?» Adolphine akajibu: «Na adui yangu? Jamais!» Wakacheka. Lakini kati ya wapenzi wale wawili, hakuna aliyewahi kusema «nakupenda» bila kuifunika haraka kwa kicheko.

Jumamosi moja walikaa kando ya ziwa. Philémon hakugusa bia yake.

— Adolphine, nimepata affectation. Wananituma kazi Shabunda, mbali mu pori.

Adolphine aliona mchezo umeanza.

— Mungu asifiwe! Nitapumuzika.

— Niko nasema kweli.

— Na miye pia. Uende! Siku ile nitaimba.

Akainua Fanta yake kama mtu wa harusi. Philémon alimtazama kwa muda mrefu, akingoja neno moja tu. Halikuja. Alimsindikiza mpaka mlangoni bila ubishi wowote, na hata ule ukimya Adolphine aliuhesabu kuwa utani.

Wiki iliyofuata simu haikulia. Alipokwenda kumuulizia kwenye dispensaire, masista walimwambia Philémon alikuwa amepanda ndege ya Shabunda kwenye uwanja wa Kavumu asubuhi ileile.

Hapo Adolphine akajua upweke ni nini. Watu wote walikuwa wema kwake. Walimsalimia kwa heshima, walimpisha njiani, hakuna aliyemwita mwizi wala adui. Jioni alisimama dirishani kutazama taa za Cyangugu ng'ambo ya maji, mdomo umejaa majibu yasiyo na mtu wa kupewa. Shabunda hakukuwa na simu.

Siku moja Martine alijaribu kumchangamsha. Akaweka mikono kiunoni:

— Citoyenne, kiti hiki ni changu! Utoke!

Adolphine alisimama, akampa kiti.

Martine akashusha mikono. Kisha akasema polepole:

— Ku mission iko phonie. Wanazungumuzaka na Shabunda. Uende, dada.

— Batu bote ba Kivu batanisikia.

— Basikie.

Huko mission Frère Théodore, mwenye kuitunza phonie, ile redio ya mawasiliano, alimweleza: mmoja aseme, amalize kwa «à vous», ndipo mwingine ajibu. Kisha akawaomba wa Shabunda wamwite infirmier.

— Philémon, ni Adolphine. À vous.

Phonie ilikoroma.

— Unataka nini, citoyenne? Uliimba vizuri? À vous.

Sauti haikuwa na mzaha. Jibu kali lilifika kwenye ncha ya ulimi wa Adolphine, akalimeza.

— Sikuimba. Nilifikiri uko nacheza. Leo miye sichezi, Philémon. Ninakupenda, na mu chumba kuko kimya sana. À vous.

Frère Théodore akageukia ukuta.

— Nilingoja useme nisiende. Sasa nimetia sahihi ya miaka mbili. Nikituma batonton yangu ba Sange kwa ndugu za baba yako kukuposa, utakubali? À vous.

— Ndiyo! Ubatume! À vous!

— Bukavu, sisikii. À vous.

— Ndiyo, Philémon! Ndiyo! À vous!

— Bukavu, Bukavu… hakuna jibu…

Sauti ilizama. Adolphine aliendelea kupaza yake, mashavu yamelowa, huku Frère Théodore akibonyeza kibonyezo bure. Mara ikaingia sauti ya mwanamke mzee, sista wa mission nyingine.

— Shabunda, Shabunda, huku Kamituga. Miye niko nasikia pande zote mbili. Mutoto amesema ndiyo. Amesema mara mingi. À vous.

— Merci, mama, ilijibu sauti ya mbali. Umwambie nimesikia.

Adolphine alimshukuru Frère Théodore, akatoka. Mvua ilikuwa imeanza tena. Huko Nyawera alivua viatu vyake vyenye matope, akawasha jiko lake la babula, akapika chakula cha mtu mmoja.