Waya wa Tisa

Umati ulipomiminika kutoka feri ya Likoni, kofia ngumu ilimponyoka Kuluthum. Kijana wa ovaroli ya buluu akaidaka.

"Dada, wajenga wapi?"

"Daraja jipya la Mtongwe. Mimi ndiye mhandisi wa nyaya zinazolibeba."

"Nami ndiye nizipandaye," alisema Changawa. "Basi roho yangu iko mikononi mwako."

Kuluthum alicheka, akautengeneza mtandio wake wa zambarau. Miezi minne iliyofuata hawakulala bila kupigiana simu.

Mwezi wa Mei mvua ilishuka na upepo. Maji yalitiririka juu ya waya wa tisa, nao ukaanza kucheza, kisha kuchapa. Mitungi ya mafuta ya kumeza mtikiso huo ilikuwa haijafungwa. Waya ulimpiga kifuani Munga, rafiki wa Changawa, aliyekuwa juu akifanya kazi. Akaanguka kwenye zege, akafa hapo hapo.

Changawa alimpigia Kuluthum. "Umemuua Munga. Ulitupandisha bila mitungi."

"Nisikize, mpenzi, mimi nili—"

"Usinipigie tena."

Cindy, karani wa kazi, alimsikia. "Unamwonea," alisema. "Alipiga simu alfajiri, mara tatu, akisema mtu asipande. Mwarandu akasema mvua haitamchelewesha."

Mwarandu ndiye aliyekuwa nyapara. Changawa alimpiga ngumi hadi meno mawili yakamtoka, akamkalia kifuani, akainua spana. Mkono mwingine ukaishika. Alikuwa Kuluthum, buibui limelowa, tope hadi magotini.

"Iweke chini. Waya bado unachapa. Ukikatika utaua wengine. Njoo tuufunge."

Walirusha kamba, wakaunasa. Waya ukaruka, ukamvunja Changawa mkono. Alipiga ukelele lakini hakuachia, akavuta kwa mkono uliobaki huku Kuluthum akizungusha kamba kwenye nguzo ya chuma mpaka viganja vikamchunika. Waya ukatetemeka, ukatulia.

Walikaa matopeni wakihema. Kuluthum alivua mtandio, akamfunga mkono.

"Nisamehe, Kulu."

"Uliniita muuaji."

"Nilikosa. Sikukupa hata nafasi ya kusema."

Kuluthum alikaza fundo la mtandio. "Kesho tumzike Munga. Najua nitakuwa bado na hasira nawe. Kisha njoo hivyo hivyo kwetu Magogoni, umwone baba."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba waniposa. Ama waogopa?"

"Naogopa," alisema Changawa, machozi yakimtoka. "Lakini nitakuja."