Hodi Tatu za Kache

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya mtaa wa Bofu, Kache na mama yake walikaa barazani kuchambua sufi. Mbegu huku, sufi kule. Mama yake, Sidi, alijifunga leso puani. Kache alikataa kujifunga, kwa ukaidi tu, basi akapiga chafya mpaka kuku wakakimbia.

Sidi alikuwa fundi wa mito. Sufi ilitoka kwa nyanya yake Kache kule Kaloleni, kitambaa kilinunuliwa Likoni, na cherehani ilikuwa ya urithi. Ukiulalia mto wake, shingo husahau kwamba iliwahi kuuma.

Taabu ilikuwa wanunuzi. Duka lililokuwa likimchukulia mito sasa liliuza mito ya sponji, yenye rangi nyingi na bei rahisi. Baba alifanya vibarua Changamwe, na kibarua leo kipo, kesho hakipo. Ndipo Bwana Boga, wakala anayewatafutia watu kazi za nyumbani Uarabuni, alipopiga hodi kwao kwa mara ya kwanza. Alizungumza kwa upole, akanywa chai, akasema atarudi.

"Miaka miwili huko Uarabuni si mingi, mwanangu," mama alisema Jumamosi moja, macho yake yakiwa kwenye sufi.

"Ni mingi," Kache akajibu. "Na huendi."

"Wee! Unazungumza na nani?"

"Nazungumza nawe, mama. Niwie radhi. Lakini huendi."

Kache alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kichwa kigumu kuliko kifuu. Alikuwa ameshafikiri. Shuleni walikuwa wamefundishwa kutuma barua pepe. Kutoka Likoni kwenda kusini kulikuwa na nyumba nyingi za wageni. Kila nyumba ina vitanda, na kila kitanda kinataka mto. Kwa nini wangoje duka moja?

Aliazima simu ya mama, akatafuta anwani mtandaoni. Nguma, jirani yao aliyesoma naye gredi ya saba, alimletea mfano wa barua alioupata huko huko mtandaoni.

"Andika kwamba nyinyi ni kampuni kubwa," Nguma alimshauri. "Nani atanunua mto kwa mtu wa Bofu?"

Maneno hayo yalimchoma Kache. Hata hivyo aliyafuata. Aliandika: "Kwa yeyote anayehusika. Sisi ni kampuni inayoongoza Afrika Mashariki kwa bidhaa za kulalia. Tuna mitambo ya kisasa na wafanyakazi hodari." Akazipanga anwani zote pamoja, akatuma mara moja tu, kisha akakaa kungoja utajiri.

Jioni likaja jibu moja. "Kampuni inayoongoza Afrika Mashariki haina hata jina? Tafadhali usiniandikie tena." Kwa kuwa anwani zote zilikuwa katika barua moja, jibu hilo liliwafikia wote. Mwingine akaongeza kicheko chake, na mwingine tena. Nguma naye alicheka akishika mbavu.

"Si nilikwambia? Watu wa Bofu hawajibiwi," alisema, kana kwamba mfano ule haukuwa wake.

Kache alilia kwa hasira. Mama alipomkuta hivyo, alimwamuru amsomee barua yote.

"Hao wafanyakazi hodari ni nani?" mama akauliza. "Mimi na kuku?"

Kache aliinamisha kichwa.

"Jana nilikutuma kwa Mama Mweri ukaazime kinu. Ulifanyaje?"

"Nilipiga hodi."

"Ulisimama njia panda ukapigia hodi nyumba zote za Bofu kwa pamoja?"

"La, mama."

"Ulisema wewe ni binti wa tajiri?"

"La. Nilimwamkia. Nikasema mimi ni Kache wa Sidi, nimetumwa kinu, tutakirudisha jioni."

"Na akakupa. Basi ndivyo mtu anavyoingia nyumba ya watu. Umeniaibisha kwa watu nisiowajua. Lete simu yangu, mambo haya yaishe."

Kache alifuta machozi. "Hayajaisha, mama. Mgeni hupiga hodi tatu. Mimi sijapiga hata moja ya kweli."

Mama alijua desturi hiyo vizuri, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha: mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake bila kinyongo. Akamrudishia simu. "Hutumi kitu kabla sijakisikia," alisema.

Safari hii Kache alichagua mlango mmoja. Alisoma yale ambayo wageni huandika mtandaoni kuhusu nyumba walizolala. Nyumba moja ya Mtongwe ilisifiwa kwa samaki wa kupaka na upepo mwanana. Lakini wageni wawili walilalamika kwamba mito yake ni migumu, na kwamba waliamka shingo zimekaza. Mwenye nyumba aliitwa Bi. Winfred.

"Utamwambia mwenyewe kwamba mito yake ni mibaya?" Nguma alishangaa. "Atakutukana!"

"Na atukane," Kache akasema.

Akaandika: "Bi. Winfred, shikamoo. Mimi ni Kache, mwanafunzi, wa hapa Bofu. Mama yangu, Sidi, hushona mito ya sufi. Nimesoma wageni wako wakisifu chakula chako, lakini wawili wamelalamikia mito. Naomba tukuletee mto mmoja uulalie. Ukikupendeza, tuzungumze. Usipokupendeza, tutauchukua bila kinyongo. Simu ya mama ni hii hapa." Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

Jibu halikuja. Siku zilipita, na Bwana Boga alikuja tena, mara hii na fomu. Mama aliziweka chini ya cherehani bila kuzijaza, akamwambia arudi mwisho wa mwezi. Kache aliziona fomu zile. Akaandika hodi ya pili, fupi kuliko ya kwanza: huenda Bi. Winfred alikuwa na shughuli, basi Kache anabisha tena. Kimya.

"Acha, mwanangu," mama alimwambia. "Umejitahidi."

"Imebaki moja."

Ya tatu ilisema: "Bi. Winfred, hii ni hodi ya tatu. Usipoitika nitajua hakuna nafasi, na sitakusumbua tena. Mto wako tumeshaushona."

Kesho yake simu ililia. "Leteni huo mto," sauti ya mwanamke ilisema, ikakatika.

Kache na mama yake waliupeleka Mtongwe siku hiyo hiyo. Bi. Winfred alikuwa mama mnene, miwani yake kaipandisha kwenye paji la uso. Kache alimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba," kisha akamkazia macho.

"Anwani yako naijua. Si wewe uliyeniandikia kwanza, wewe wa kampuni inayoongoza Afrika Mashariki?"

Kache alihisi masikio yakimwaka moto. Ilikuwa rahisi kusema kwamba kuna mtu mwingine aliyeitumia simu ile. Nguma, kwa mfano. Alimwona mama yake akiukumbatia mto, akazikumbuka na zile fomu za Bwana Boga.

"Ndiye mimi," alisema. "Barua ile ilikuwa ya uongo, na nimeionea haya. Hizi tatu ni za kweli. Ukitufukuza kwa sababu ya ile ya kwanza, una haki. Lakini mto huu uulalie kwanza!"

"Kache!" Mama alimfinya mkono.

Bi. Winfred aliupokea mto, akauminya, akaunusa, akauweka juu ya benchi la mapokezi na kujilaza papo hapo. Alilala hivyo mpaka mgeni aliyekuwa akipita akauliza kama mama huyu anaumwa.

"Siumwi," alijibu, macho kayafumba. "Kwa mara ya kwanza leo, siumwi."

Alibaki na mto ule usiku huo. Siku iliyofuata alipiga simu, na mama akaongeza sauti ili Kache asikie. Bi. Winfred alitaka mito ya vyumba vyake vyote. Dada yake mwenye nyumba ya wageni Port Reitz naye alitaka kuiona.

"Binti yako yupo?" akauliza.

"Abee," Kache akaitika.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi huletewa barua za kuuza vitu kila siku, na kila mtu anaongoza kitu fulani. Sizijibu. Yako nimeijibu kwa sababu ulijua unampigia hodi nani, ukajitaja wewe ni nani, na nilipokaa kimya hukunikasirikia wala hukukimbia. Lakini ungeikana ile barua ya kwanza, mngerudi Bofu na mto wenu. Bidii ilikufikisha mlangoni kwangu. Ukweli ndio uliokuingiza ndani. Njia ya mwongo ni fupi, usiifuate tena."

"Sitaifuata," Kache akasema, na alimaanisha.

Mwisho wa mwezi baraza lao lilijaa sufi. Nguma mwenyewe alikuwa akichambua mbegu, puani kajifunga leso, na hakuna aliyemsikia akisema lolote kuhusu watu wa Bofu.

"Hodi!" Bwana Boga aliita.

"Karibu," mama akamwitikia. Alizitoa zile fomu chini ya cherehani, akampa kwa mikono miwili. Hazikuwa zimejazwa hata neno. "Umenijia kwa heshima, nami nakujibu kwa heshima. Siendi."

"Fikiria tena, mama. Nitapita mwezi ujao."

"Hodi ni tatu, bwana wangu," Sidi alisema, akaanza kukanyaga cherehani. "Na hii ndiyo ya tatu."