Cheni Inapoanza Kulia

Mume wangu ni seremala, mtu mpole. Lakini kwa gari yake haambiliki. Kila asubuhi huamka kabla yetu sote, anaiwasha, anaiacha ingurume uani, ndipo anarudi ndani kunywa chai. Nilidhani ni bidii. Kumbe alikuwa anaficha kelele!

Gari hiyo ndiyo inayompeleka mama mkwe hospitali kusafishwa damu. Figo zake hazifanyi kazi. Hospitali yenye mashine iko mbali, na njia yenyewe ni pori tupu. Akikosa siku yake, mwili unajaa maji, pumzi zinambana.

Asubuhi moja niliwahi kufagia uani. Mume wangu akawasha gari. Kra-kra-kra-kra! Kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mara kelele ikakatika.

"Baba watoto, nini hicho?"

"Baridi tu. Umeona? Imeisha."

"Imeanza lini?"

"Mke wangu, chai inamwagika jikoni."

Namjua huyu. Akianza kunituma jikoni, ujue kuna jambo. Na kesho yake ilikuwa siku ya mama mkwe kwenda hospitali. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimpigia simu kaka yangu, fundi wa magari, nikamsimulia yote, hata la kutumwa jikoni.

"Kesho asiiwashe mpaka nifike," alisema. "Nataka kuisikia ikiwa baridi."

Kulipopambazuka, mama alikuwa ameshakaa barazani, mkoba mapajani. Kaka akainama karibu na injini.

"Shemeji, washa."

Kra-kra-kra-kra!

"Zima! Zima!"

"Ah, shemeji nawe!" mume wangu akalalamika. "Si inaisha yenyewe?"

"Inaisha kwa sababu oili imepanda na kusukuma kikaza, kile kifaa kinachoikaza cheni. Kabla ya hapo, cheni imelegea, inapigapiga ndani ya injini. Gari imetembea kilomita ngapi?"

"Laki mbili na kitu. Lakini injini hii ni ya cheni ya chuma, siyo ya mkanda wa mpira. Aliyeniuzia alisema cheni haibadilishwi mpaka gari ife."

"Basi inakaribia kufa, pole sana," kaka alisema. "Sikiliza. Cheni hudumu kuliko mkanda, lakini haidumu milele. Nyingi hufika kilomita laki moja na nusu, nyingine hata laki tatu. Inategemea gari na matunzo. Ila ikianza kulia hivi, usihesabu kilomita tena. Ipeleke kwa fundi. Oili huwa unaimwaga lini?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Huwa naongeza."

"Nimeuliza kumwaga ya zamani."

Mume wangu akainama kukaza kamba za viatu.

Kaka akapunguza sauti. "Cheni hii ndiyo inayofanya valvu, vile vilango vya hewa na moshi, zifunguke na zifungike kwa wakati wake. Ikiruka meno ya gia, pistoni zinaweza kugonga valvu. Injini inaharibika na kuzimika hapo hapo, njiani."

Nikaliwaza lile pori.

"Leo tu," mume wangu akasema. "Nimpeleke mama, nikirudi tuifungue."

Nilitaka kumpigia kelele, lakini mama alitangulia.

"Mwanangu, mimi sipandi."

"Mama?"

"Dirisha langu liko hapo. Naisikia kelele hiyo kila asubuhi. Nilinyamaza nisikuongezee mzigo. Tukiwa njiani nashika mlango na kusali tu. Nimechoka kuogopa."

Machozi yalimlenga mume wangu. Hakubisha tena. Kaka alimpeleka mama kwa gari yake mwenyewe.

Waliporudi salama, kaka aliifungua injini. Reli ya plastiki inayoongoza cheni ilikuwa imekatika, na kipande chake kimeanguka chini kwenye oili. Cheni yenyewe ilining'inia.

"Niwekee cheni mpya tu," mume wangu akasema.

"Cheni mpya juu ya reli mbovu? Hapana, shemeji. Tunabadilisha vyote pamoja: cheni, reli zake, kikaza cheni na gia zake. Kazi ya kufungua ni ile ile. Tunaweka na oili mpya na filta. Na kuanzia sasa, mwaga oili kwa wakati, kama kitabu cha gari kinavyosema. Oili chafu inaimaliza cheni. Oili ikipungua, kikaza hakina nguvu. Ipime kwa kijiti chake cha kupimia mara kwa mara."

"Nimesikia."

"Umesikia au unanituma jikoni?"

Tulicheka, yeye mwenyewe akacheka.

Siku nyingine ya mama ilipofika, aliwasha gari sote tukiwa tumesimama pale. Ikanguruma taratibu, basi. Akaizima, akaiwasha tena, kana kwamba haamini.

Katikati ya pori niligeuka nyuma kumwuliza mama kama anataka maji. Alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Mume wangu akamtazama kwenye kioo.

"Hajawahi kulala humu," alisema, akapunguza mwendo asimwamshe.